Korongo wa Sandijk

Namtanguliza Mola, aliyeliumba jani la mti kabla ya jani la kitabu, na aliyempaka ndege rangi zake kabla mchoraji hajashika brashi. Kwake Yeye hakuna jalada lifunikalo siri, wala tabasamu lifichalo hiana. Rehema na amani zimshukie Mtume Wake, jamaa zake, na wote waliopewa amana wakairudisha kama walivyoipokea.

Ama baada ya hayo, niwapange watu wa kisa hiki, kila mmoja mahali pake, ili msomaji asipotee.

Wa kwanza ni Hylke Boersma, mzaliwa wa Leeuwarden, jasusi wa idara ya usalama ya Uholanzi. Mrefu, mkimya, mwenye vidole vya mtu ajuaye kufunua karatasi ya kale bila kuiumiza.

Wa pili ni Lubbert Wessels, mkuu wa kitengo chake huko Den Haag. Mjane, na nyumba yake ni vitabu mpaka ngazini. Ndiye aliyemtoa Hylke katika polisi wa doria akamfunza ujasusi, na kila Jumapili alasiri akamfunza jambo la pili: kukusanya vitabu vya kale vyenye picha. Hylke hakupata kumjua baba yake. Alimwita Lubbert Mzee, na katika kinywa chake neno hilo lilibeba zaidi ya heshima.

Wa tatu ni Fenna Dijkema, jasusi mwenzao. Tangu majira ya kuchipua alikuwa amejipenyeza katika duka la mlanguzi kwa sura ya fundi wa majalada. Watu wawili tu duniani walijua yeye ni nani hasa: Hylke na Lubbert.

Wa nne ni mlanguzi mwenyewe, Konrad Veith wa Bremen. Mbele za watu ni muuza vitabu mwenye tai ya hariri. Nyuma ya pazia, picha zilizokatwa kwa wembe katika maktaba za watawa zilipita mikononi mwake kwenda kwa matajiri wasiouliza maswali.

Wa tano si mtu. Ni kitabu cha ndege wa majini, alichokichora Gerlof Sandijk zaidi ya karne mbili zilizopita, kila ndege amechongwa katika bamba la shaba kisha akapakwa rangi kwa mkono. Nakala zilizosalia zinahesabika kwa vidole. Nakala ya Veith ilipungukiwa picha moja, nayo ni ya korongo. Veith mwenyewe aliikata ili ampelekee mteja kama kionjo, lakini mjumbe wake akanaswa mpakani nayo. Tangu siku hiyo korongo alilala katika sefu ya Lubbert, akiwa ushahidi. Sefu ina ufunguo mmoja.

Na ndani ya mgongo wa kitabu hicho Veith alikuwa ameficha kadi ndogo ya kumbukumbu, yenye ramani za mitambo ya milango inayoizuia bahari isiingie nchi kavu. Mnunuzi alikuwa jasusi wa dola ya kigeni. Katika nchi ambayo mamilioni ya watu wake hulala chini ya usawa wa maji, sina haja ya kueleza zaidi.

Hao ndio watu. Na kisa ndicho hiki.

Simu ya Hylke iliita akiwa anafunga kamba za viatu.

"Mvua itanyesha Haarlem saa nane," ilisema sauti ya Lubbert.

"Nibebe mwavuli, Mzee?"

"Beba. Ila usiufungue mpaka nikwambie."

Simu ikakatwa.

Mvua ilikuwa kitabu cha Sandijk. Mwavuli ulikuwa bastola. Na maana ya amri ilikuwa hii: usimkamate mtu yeyote kabla ya neno langu.

Hylke aliivaa Walther yake chini ya koti la sufu. Akachomeka sikioni kidude cha mawasiliano, kidogo kama punje ya mchele. Akatia mfukoni kalamu nzito ya fedha ambayo haikuwa kalamu, bali tochi ya mwanga wa urujuanimno, ule unaofichua yasiyoonekana kwa macho. Kisha akapanda treni.

Kutoka kituoni Haarlem alikodi baiskeli ya Gazelle yenye breki za kulia kama paka. Mvua ya kweli nayo ilikuwa imeanza, ile ya Novemba, nyembamba, isiyo na haraka.

Soko la vitabu vya kale lilikuwa limetandazwa ndani ya kanisa kuukuu lisilosaliwa tena. Meza zilijipanga chini ya nguzo nyeupe. Watu waliinama juu ya vitabu wakinong'ona, makoti yao yakitoa mvuke. Harufu ilikuwa ya ngozi, vumbi na kahawa.

"Nipo nje, ng'ambo ya mfereji," Lubbert alisema sikioni. "Volvo ya kijivu. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mnunuzi atafika kabla ya soko kufungwa. Subiri. Usinikurupukie, mwanangu."

Meza ya Veith ilikuwa pembezoni, karibu na mlango wa nyuma. Mlangoni alisimama dereva wake, Ruprecht, mabega kama kabati la mwaloni.

Veith alimtazama Hylke kuanzia viatu hadi kola.

"Bwana anakusanya nini?"

"Ndege."

"Ndege ni wengi. Bwana anapenda wenye mbawa, au wenye bei ya kupunguzwa?"

"Nikisema wa kupunguzwa utaniletea kalenda ya mwaka jana."

"Ya mwaka juzi," alisema Veith. "Ya mwaka jana nimeshauza. Fenna, mletee bwana kahawa. Huyu ana ulimi, tuulowanishe."

Fenna alitoka nyuma ya pazia akiwa na aproni ya fundi, nywele zimefungwa kwa kitambaa. Aliweka kikombe mezani. Hakumtazama Hylke zaidi ya anavyotazamwa mteja.

Hylke alitazama kisahani.

Biskuti mbili.

Katika nchi ile kahawa huja na biskuti moja, kisha kopo hufunikwa. Mgeni hapewi ya pili, wala haiombi. Walikuwa wamepatana tangu mwanzo: siku Fenna atakapompa mtu biskuti mbili, ajue kwamba amegunduliwa.

"Mkarimu sana," Hylke alisema.

"Leo ni siku yangu ya mwisho, bwana," Fenna alijibu, sauti yake nyepesi. "Jioni naondoka na Ruprecht kwa gari. Bwana Veith anasema kuna kazi Bremen inanisubiri. Ruprecht si mtu wa maneno njiani."

"Leo maneno yote unayo wewe," Veith alisema.

"Namchangamsha mteja, bwana, asiione bei."

Veith alicheka. Ruprecht hakucheka.

Hylke alikunywa kahawa taratibu. Watu wawili walijua siri ya Fenna. Mmoja alikuwa amekaa hapa na biskuti mbili mbele yake.

Hakutaka kumfikiria wa pili.

"Nasikia una Sandijk," alisema.

Veith alisita kidogo tu. Muuza vitabu anayekataa kuonyesha kitabu mbele ya watu huamsha minong'ono, na minong'ono ndiyo hasa asiyoitaka siku hiyo.

"Kukitazama ni bure," alisema. "Kukitamani ni shauri lako."

Alikilaza juu ya mto wa mahameli. Hylke alinawa mikono katika bakuli, akaikausha kidole kwa kidole, akaanza kufunua, akishika kona ya juu ya kila ukurasa kama alivyofunzwa. Bata. Mnandi. Kitwitwi. Rangi zilikuwa mbichi kana kwamba mchoraji ametoka kwenda kula akarudi.

Alijua mahali korongo alipokatwa. Alitarajia kuona ukingo mwembamba wa karatasi, alama ya wembe, na baada yake pengo.

Akafunua.

Korongo alikuwa amesimama.

Mguu mmoja majini. Shingo imekunjwa. Jicho la manjano likimtazama Hylke moja kwa moja.

Jumatatu iliyopita Hylke alimwona ndege huyu kwa macho yake katika sefu ya Den Haag.

Labda ni nakala ya kughushi, alijiambia. Mola, na iwe nakala.

Alichukua ile kalamu ya fedha, akajifanya anaonyesha jambo ukingoni, akawasha. Katika mwanga huo, ukanda mwembamba uling'aa weupe wa maziwa pale picha ilipoungwa. Gundi ya unga wa ngano, iliyopikwa nyumbani, ikapakwa kwa mkono usiotetemeka. Kisha akatazama kona ya chini. Mdudu alikuwa ametoboa kitabu hiki miaka mingi iliyopita, na njia yake ilipita ukurasa kwa ukurasa. Matundu matatu kabla ya korongo. Matundu matatu ndani ya korongo. Matundu matatu baada yake. Yalilingana kama nyota zilivyo mahali pake.

Hakuwa nakala.

Ukanda wa kuungia ulikuwa umechanwa kwa mkono, si kukatwa, ili nyuzi za karatasi zishikane zenyewe. Hylke alimjua mtu mmoja tu aliyefanya hivyo. Alimsikia Jumapili ya kwanza, mvuke wa sufuria ya gundi ukiwa kati yao: "Usibandike kitu usichoweza kukibandua, mwanangu. Fundi mbaya ni yule ambaye kosa lake halirudi nyuma."

Alifunga kitabu polepole.

Jasusi aliyefanya hiana kwa ajili ya fedha angeiacha ile picha ndani ya sefu, asiiguse, na asingejulikana maisha yake yote. Lakini mpenda vitabu hawezi kukiona kitabu kina pengo, na picha yake anayo.

"Umekiona?" Lubbert aliuliza sikioni.

Hylke aligeukia nguzo, akajifanya anakohoa. "Bado, Mzee. Hawajakitoa."

"Vizuri. Basi toka. Nenda kituo cha treni. Mnunuzi amebadili mpango, anateremka huko. Fenna nitamwangalia mimi."

Fenna nitamwangalia mimi.

"Nakwenda," Hylke alisema.

Hakwenda.

Alitoa simu yake binafsi, isiyo ya idara, akaandika maneno machache kwa mkaguzi wa polisi wa Haarlem: zungusheni kanisa, na kituoni mzuieni kila mgeni atakayetoka huku bila kitabu. Walihitaji robo saa. Fenna hakuwa na robo saa, kwa kuwa Ruprecht alikuwa tayari ameshika funguo za gari.

Lakini soko lile lina desturi yake, kongwe kuliko umeme uliomo ndani yake. Ilizaliwa kwa sababu ya nyembe. Mteja akishuku kwamba kitabu kimekatwa, anaweza kukiinua kimefungwa juu ya kichwa chake na kusema neno moja. Hapo milango hufungwa. Muuzaji hatoki, watu wake hawatoki, mpaka picha zote zihesabiwe hadharani. Ni tusi kubwa. Miaka hupita bila mtu kuthubutu.

Hylke aliinua kitabu.

"Kihesabiwe," alisema.

Hata vijiko viliacha kugonga vikombe.

"Huna adabu, bwana," Veith alisema kwa meno yaliyobanwa.

"Ninayo. Ndiyo maana sikupiga kelele."

Kutoka meza kuu aliinuka Bibi Alberdina Schut, msimamizi wa soko, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Umri ulikuwa umemkunja mgongo tu.

"Fungeni milango," alisema. "Konrad, usinitolee macho. Nimekujua tangu ukiuza kadi za posta. Kileteni hapa. Na mwenye kikohozi akakohoe sasa, nikianza sitaki kusikia koo la mtu."

Kitabu kiliwekwa mbele yake. Watu wakasogea. Bibi Schut akavaa miwani, akaanza kuhesabu kwa sauti, ndege mmoja baada ya mwingine.

Veith alipanguza shingo. Ruprecht alimtazama, akingoja ishara. Fenna alisimama kati yao, mikono ndani ya mifuko ya aproni.

Hylke alirudi nyuma ya nguzo. Bado alitaka kukosea. Alitafuta maneno ambayo mtu mwema angeyajibu kwa njia moja, na mhaini kwa njia nyingine.

Akabonyeza kile kidude cha sikioni.

"Mzee. Kuna tatizo. Kitabu kiko mikononi mwa Bibi Schut. Anasema korongo ni nakala. Ameagiza birika la mvuke, ambandue aone nyuma yake."

Mvua iligonga madirisha.

Korongo alipaswa kuwa Den Haag, ndani ya sefu. Mtu asiye na hatia angeuliza: korongo gani?

"Mvuke?" Sauti ya Lubbert ilipasuka. "Ana wazimu huyo mama? Rangi itakimbia yote. Mwambie asimguse. Si nakala, Hylke, tazama matundu ya mdudu, utaona. Mwambie aache. Nakuja."

Hylke alifumba macho.

Kisha akayafumbua, kwa sababu simu ya Veith ilikuwa imetikisika mezani. Veith alisoma ujumbe. Akamtazama Ruprecht. Akainamisha kichwa mara moja.

Ruprecht alimshika Fenna mkono.

Mzee wa Jumapili alikuwa ametuma maneno mawili kwa wakati mmoja: moja kumwokoa ndege wa karatasi, la pili kumwangamiza binti wa watu.

Hylke alianza kukimbia.

Mlango wa nyuma ulikuwa na bawabu. Ruprecht alimsukuma kama pazia, akapiga komeo teke, akatoka na Fenna kwenye ujia wa mfereji. Hylke aliruka meza ya ramani. Njiani mkono wake ulikwapua kitu: ule ukanda mzito wa kitambaa, uliojazwa vipande vya madini ya risasi, ambao watu wa vitabu huulaza juu ya kurasa zisijifunge.

Nje, mvua. Mawe yanayoteleza. Gari jeusi, injini inanguruma.

Ruprecht aligeuka. Glock mkononi, mdomo wa bastola hiyo ubavuni mwa Fenna.

"Hatua moja zaidi," alisema, "na fundi wetu anapata tundu asiloweza kuliziba."

Hylke alisimama. Walther ilikuwa chini ya koti lililofungwa vifungo. Haikuwa na faida.

"Ruprecht," Fenna alisema kwa utulivu, "miezi yote hii sijawahi kukusikia ukisema sentensi ndefu hivyo."

Ruprecht aliteremsha macho kumtazama. Nukta moja.

Fenna alitoa mkono mfukoni. Ndani yake mlikuwa na msharasi, ule wa kutobolea ngozi za majalada. Aliuzamisha pajani mwa Ruprecht mpaka kwenye mpini.

Risasi ilienda majini. Bata wakatawanyika.

Hylke aliuzungusha ule ukanda na kuuachia. Ulijifunga mara mbili kwenye kifundo cha mkono wa Ruprecht kama kitu chenye uhai. Bastola ikaanguka. Goti la Hylke likafuata, kisha kiwiko. Yule kabati akalala kifudifudi juu ya mawe, akihema.

Ving'ora vilisikika kutoka darajani.

"Ulichelewa," Fenna alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Biskuti mbili, Hylke. Nikadhani utazila tu."

"Nilikula moja."

"Ni nani?"

Fenna alimtazama usoni, na akajibiwa.

"Hapana," alisema. "Hapana, si yeye. Alikuja hospitalini mama alipofariki. Alileta maua."

"Twende ndani."

Ndani, polisi walikuwa wamemweka Veith kwenye kiti, tai yake imekwenda upande. Mnunuzi wa kigeni alifika akakuta milango imefungwa, akageuza mwavuli wake kurudi kituoni, ambako alipokewa kwa heshima na pingu.

Na mezani, mahali pa Bibi Schut, aliketi Lubbert Wessels. Koti lake lilichuruzika maji sakafuni. Mikono yake tu ndiyo iliyokuwa mikavu. Alikuwa ameifuta kabla ya kumgusa korongo.

"Alipunga kitambulisho mlangoni, akaja mbio akanipokonya kiti," Bibi Schut alimwambia Hylke. "Ananifokea habari za mvuke. Mvuke gani? Mimi birika nimeagiza la chai."

Lubbert aliinua macho. Alimtazama Hylke, akamtazama Fenna aliye hai, na akaelewa.

"Ulinidanganya sikioni," alisema.

"Ulinifunza wewe."

"Keti, mwanangu."

"Nitasimama."

Lubbert alipitisha kidole hewani juu ya shingo ya ndege, pasipo kuigusa. "Veith angembandika kwa gundi ya dukani. Ile ya kwenye chupa ya plastiki. Unaelewa? Nilimwambia nipe kitabu siku moja tu, nimweke mwenyewe. Kadi ingetoka, watu wangeichukua, ramani zile zina miaka, zingebadilishwa. Na kitabu kingebaki kwangu. Kizima. Hakuna kizima kingine katika nchi hii yote."

"Na Fenna?"

Lubbert alirudisha macho kwenye korongo.

"Nimekuuliza, Mzee. Na Fenna?"

"Walitaka kitu cha kuwaaminisha," alisema. "Niliwapa jina. Walisema watamhoji tu."

Fenna alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi ndiye nilikuwa kionjo," alisema. "Kama huyo ndege."

"Vyote ni vyako, Hylke," Lubbert aliendelea, haraka sasa. "Nyumba nzima. Wasia una jina lako. Hiki nacho kingekuwa chako nikifa. Sikujiibia mimi. Nilikuwa nakukusanyia wewe."

Neno hilo lilimwingia Hylke mahali ambapo hakuwa na ngao. Miaka yote ya Jumapili ilisimama nyuma ya neno hilo: sufuria ya gundi, supu ya mbaazi, mkono wa mzee juu ya bega lake wakitazama kitabu kwenye mwanga wa dirisha. Kama ungekuwa uongo wote ingekuwa nafuu. Haukuwa uongo. Lubbert alimpenda, na kwa upendo huohuo alimfanya mrithi wa damu ya mwenzake.

"Fenna," Hylke alisema, "kadi imo mgongoni. Kitabu hiki kilikuwa bei ya roho yako. Ukitaka kisu, chukua."

Ukumbi ulisubiri. Lubbert aliacha kupumua.

Fenna alivuta kiti. "Nileteeni maji ya vuguvugu na sponji," alisema. "Mtu yeyote ana kibanzi cha mfupa, cha kunyanyulia ngozi?"

Vibanzi vingi vilinyooshwa mbele yake. Alilowesha ngozi ya mgongo kidogo kidogo, akaisihi kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Ngozi ililegea. Kadi ndogo nyeusi ikateleza mezani. Hakuna uzi uliokatika.

Lubbert alipumua. "Ahsante, binti yangu," alisema. "Ahsante. Una mikono mizuri."

"Usiniite hivyo," Fenna alisema.

Hylke aliitia kadi katika mfuko wa ushahidi. Kisha akachukua ile sponji, akaikamua mpaka ikabaki na unyevu kama wa pumzi. Akafunua kitabu pale palipo na korongo.

"Unafanya nini?" Lubbert aliuliza.

"Picha hii iliibwa katika sefu ya serikali. Ni ushahidi wa kesi mbili sasa. Inarudi."

"Hylke. Mwache alipo. Nichukue mimi, nitasema yote, nitatia saini mtakavyo. Mwache tu alipo."

Hylke aliugusisha unyevu kwenye ukanda mweupe. Akangoja. Akaugusisha tena. Gundi ya ngano ililegea pole, kwa adabu, kama ilivyotengenezwa ilegee. Picha ilinyanyuka nzima mkononi mwake. Si uzi uliong'oka, si rangi iliyokimbia.

"Umemfunga vizuri," alisema. "Hakuumia kutoka."

Kitabuni palibaki pengo.

Lubbert Wessels aliyafunika macho yake kwa mikono miwili. Polisi walipomvisha pingu hakuwatazama. Kupitia vidole alimtazama yule ndege tu, mpaka Hylke alipomlaza kati ya makaratasi mawili safi na kulifunga jalada la kadibodi.

"Jumapili," mzee alisema mlangoni, bila kugeuka. "Utakuja kunitazama?"

Hylke alikuwa akifunga vifungo vya koti lake. Alivifunga vyote, kimoja kimoja. Mlango ukafungwa kabla hajajibu, na labda hakukusudia kujibu.

Bibi Schut alikifunga kitabu na kuandika kwa kalamu ya risasi juu ya bahasha: kinarudi kwa wenyewe, pungufu picha moja. Kisha akapiga meza kwa kiganja. "Soko liko wazi. Mnatazama nini? Nunueni."

Nje mvua ilikuwa ile ile. Hylke alichomoa punje ya mchele sikioni mwake, akaishika kiganjani kitambo. Haikuwa na sauti tena. Akaiachia katika mfereji.

Fenna alisimama pembeni yake, shali ya polisi mabegani.

"Una pa kwenda?" aliuliza.

"Den Haag. Kuna sefu ya kubadilisha kufuli."

"Na baadaye?"

Hylke alipanda ile Gazelle, korongo chini ya koti, upande wa moyo.

"Baadaye nitajifunza kufanya jambo jingine siku za Jumapili."

Akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, breki zikilia kila kona, hadi mvua ikamfunika.

Ewe Mola, wahifadhi waliobaki. Mhifadhi Fenna, aliyeuzwa na bado akawa mpole kwa kitabu. Mpe Hylke baba katika wema, na mlango wa kugonga siku anapohisi upweke. Yahifadhi maji nyuma ya milango yake, na watu walalao chini yake, wasijue siku hiyo walikaribiana vipi na bahari. Na yule aliyefungwa, mlainishie moyo wake kama ilivyolainika gundi yake, aachane na alichokishika kabla ya siku ya kunyang'anywa. Amina.